Niko Kadi: Historia Fupi ya Mbao Zetu

Kabla sijajua kuna poka nyingine duniani, poka kwetu Malakisi ilikuwa ule mchezo wa kadi: unatupa, unaokota, unarukwa, na kabla ya kumaliza lazima utangaze "niko kadi." Tulicheza nyuma ya maduka, dau likiwa peremende, baadaye ashu, baadaye mbao. Aliyeliwa leo alikula kesho. Pesa ilizunguka hapo hapo kwa benchi, kwa sababu hakukuwa na mtu amesimama kando akikata fungu lake.

Huyo mtu wa kando ndiye nataka tumfuate.

Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu cha hesabu za kamari, na mwishoni akaacha maswali matano. La mwisho liko hivi: wachezaji wawili, kila mmoja ana kete 12, wanarusha dadu tatu. Ikija jumla ya 14, wa kwanza anachukua kete moja ya mwenzake. Ikija 11, wa pili anachukua. Wanaendelea mpaka mmoja afilisike.

Kati ya njia 216 za dadu hizo kuanguka, 14 ina njia 15 na 11 ina 27. Unaweza kudhani mwenye 14 bado ana nafasi ya maana. Lakini ukipiga hesabu mpaka mwisho, mwenye 11 ana zaidi ya 1,150 kwa 1 za kumkausha mwenzake. Mkirusha mara chache tu, mwenye 14 anaweza kuongoza na kujiona fundi. Muda ndio unamla.

Karibu miaka 350 baadaye, poka ya mtandaoni ilikuwa imeleta meza za senti. Mwaka 2006 Mmarekani Chris Ferguson alianza na dola sufuri, akiingia mashindano ya bure, lengo likiwa dola 10,000. Sheria yake kwenye meza za kawaida: asiweke zaidi ya 5 katika kila 100 za mtaji wake. Ilimchukua kama mwaka na nusu, na alifika. Niliposoma hadithi hiyo niliona nidhamu tu. Sikuangalia kwamba Ferguson alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2000, akicheza na watu waliokosea kuliko yeye.

Na hata fundi huyumbishwa. Chukua meza ndogo kabisa, ya senti 1 na 2, ambapo watu huketi na dola 2. Tuseme mchezaji mzuri anapata senti 10 kwa kila mikono 100, huku kupanda na kushuka kwake kwa kawaida kwenye mikono hiyo ni kama dola 1.80. Akishacheza mikono 10,000, bado kuna nafasi karibu 3 katika 10 kwamba yuko kwa hasara, bila kukosea popote. Ndiyo maana wajuzi huambiana: kwa meza ya dola 2, kuwa na 40 hadi 80 mfukoni.

Kwetu mambo yalikuja kwa njia ya simu. M-Pesa ilianza Machi 2007. SportPesa ikaingia 2014, na ghafla mbao ya Malakisi ikaweza kubashiri mechi ya Manchester bila mtu kupanda matatu kwenda Bungoma. Mei 2017 Samuel Abisai alipatia mechi zote 17, akaondoka na zaidi ya shilingi milioni 221. Kila mtu aliiona sura yake. Hesabu yenyewe haikuwekwa kwa gazeti kubwa hivyo: hata ukiwa na uwezo wa kupatia kila mechi nusu kwa nusu, 17 mfululizo ni 1 katika 131,072. Julai 2019, serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27, sisi tulitafuta zilizobaki.

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa Ferguson wa mbao. Sikuwahi kuzidisha 5 kwa 100. Niliandika kila beti kwa daftari. Nilipenda malti ya mechi tano, na hapo ndipo nilipokuwa naliwa zaidi. Tuseme mwenye mchezo anakata bob 5 kwa kila 100 kwenye mechi moja. Ukiunganisha tano, makato yanazidishana, na ile 100 inarudisha wastani wa 77. Nidhamu yangu ilinichelewesha tu. Karo ya muhula iliisha mbao kwa mbao, na daftari safi kabisa. Hakuna aliyenifukuza. Nilirudi nyumbani mwenyewe.

Kukhu amelima tumbaku na mahindi maisha yake yote. Alinisikiliza nikimweleza jinsi bahati inavyoyumba, jinsi ningesubiri kidogo tu ingegeuka. Akamaliza kupepeta mahindi yake, ndipo akaniuliza, "Mjukuu wangu, mvua nayo huyumba, na sisi tunapanda. Lakini wewe ulikuwa unalima shamba la nani?"

Sikuwa na jibu.

Siku hizi nacheza kadi tu, nyuma ya maduka yale yale. Wiki jana nililiwa mbao tatu. Aliyenila alininunulia chai na mandazi kwa pesa hiyo hiyo.