Ongala, Remmy (1947–2010)

Ramazani Mtoro Ongala, ambaye umma ulimjua kwa jina la Dakta Remmy, alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtungaji wa nyimbo, mzaliwa wa Kindu, mashariki ya Kongo, aliyeishi Dar es Salaam sehemu kubwa ya umri wake, na ambaye tarehi ya muziki wa dansi wa Tanzania haiwezi kuandikwa kwa insafu bila ya kumtaja.

Msomaji wa Kasesya hana haja ya kuelezwa mengi jinsi mtu awezavyo kuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja, kwa kuwa hapo mpakani, ambapo barabara itokayo Sumbawanga kwa njia ya Matai huungana na ile iendayo Mbala, Zambia, Wamambwe wana ndugu zao pande zote mbili, na ziwani, katika bandari ya Kasanga, vyombo vya Kongo si kioja. Kiswahili nacho kilifika Kindu na nchi zinazoizunguka pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Remmy, basi, hakuja Tanzania kuokota lugha, bali alikuja na yake, na lafudhi ile hakuiacha hata mwisho.

Alifiwa na wazazi wake angali mdogo, akalifanya gitaa kuwa riziki yake. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, iliyoongozwa na jamaa yake, Mzee Makassy. Kisha akahamia Super Matimila, na huko ndiko kipaji chake kilikopata uwanja. Magitaa yalijibizana bila ya haraka, wimbo ukarefuka kadiri wachezaji walivyotaka, naye, nywele zake zikiwa zimesokotana mabegani, aliacha kuimba akasema na watu kama mzee asemavyo barazani. Muziki wake aliuita ubongo, kwa maana alikusudia usikilizwe kwa akili kabla ya miguu.

Hapo ndipo ilipo fadhila yake kubwa, kwa rai ya mwandishi huyu. Zama hizo, ambapo aghalabu bendi ziliimba mapenzi au sifa za taifa, Remmy aliushika upande wa fukara: katika “Sauti ya Mnyonge” alimpa ulimi asiye na mtetezi, na katika “Kifo” akakilalamikia kifo chenyewe, kana kwamba ni mtu aliyesimama mlangoni. Hakutafuta maneno ya fahari. Alitumia yale yale ya sokoni na ya matangani, akayapanga hata yakawa na uzito ambao mashairi mengi yaliyotiwa vina kwa ustadi hayakuupata.

Ukimwi ulipoanza kuwaangamiza vijana, alitunga “Mambo kwa Soksi”, akiwausia wanaume watumie kondomu, jambo ambalo wengi waliona haya kulinena hata faraghani. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Bara, ilikataa kuupiga wimbo huo. Lakini watu waliujua, kwa kuwa kumbi za dansi na kanda hazikungoja ruhusa ya redio. Haya hiyo iligharimu roho za watu, na Remmy anastahili heshima kwa kuthubutu kuikabili.

Mwaka 1988 alizuru Ulaya na bendi yake kwa matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa santuri zake mbili, Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992.

Baada ya kupatwa na kiharusi aliacha dansi, akaokoka, akaimba nyimbo za injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mahali alipokuwa akikaa, Sinza, pana kituo cha daladala, na makondakta hukiita hadi leo Kwa Remmy.