Udongo wa Kondoa nao ni shahidi



Juzi kwenye semina ya historia mtu alisema pasipo maandishi huwezi kujua ardhi iliharibika lini. Jamaa ninayelala naye chumba kimoja, Mrangi wa Kondoa, alinyamaza. Tulipofika hosteli ndo akaanza kulalama. Kwao mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo karibu 90,000 ikatolewa kwenye eneo lenye makorongo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda! Babu yake alibaki na jembe.

Basi nikaingia maktaba. Kumbe kule Haubi, kwenye vilima vya Irangi, watafiti walishauhoji udongo wenyewe. Mvua ikikwangua mlima, udongo unashuka na kutulia chini, tabaka juu ya tabaka. Bonde likitulia miaka mingi, tabaka la juu linaota majani na kuwa jeusi, halafu mmomonyoko ukirudi linafukiwa. Tarehe je? Hapa ndo patamu. Chembe ya mchanga ikipigwa na jua inafuta hesabu yake, ikifukiwa gizani inaanza kukusanya nishati upya kutokana na mionzi ya udongo unaoizunguka. Maabara wanaipima wanajua imelala gizani miaka mingapi.

Majibu yalitoka mwaka 2000. Mmomonyoko wa zamani ulikuwa kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika kutoka ukame kwenda mvua. Ng'ombe hata hawajafika huku jamani! Wimbi jingine ni la miaka kama 900 iliyopita, na makorongo makubwa kama 600. Hilo linahusishwa na watu: kilimo, mifugo, kukata miti. Baadaye wakoloni nao wakafyekesha vichaka kupambana na mbung'o.

Mimi naona HADO hawakukosea kila kitu, maana mifugo ilipotoka majani na miti vilirudi kweli. Ila kumbebesha mfugaji wa 1979 mzigo wa karne zote hizo, hapana.

Nilipomsimulia jamaa akacheka, "Kwa hiyo babu alisingiziwa?"

Nusu, nikamwambia. Akachukua simu kumpigia baba yake.