Picha za mashujaa wa Japani: mistari na rangi zinasema nini?

Huenda umeshaziona kwenye simu picha za kale za wapiganaji wa Japani, wenye panga, mavazi ya vita na macho makali. Zilichapwa kwa mbao na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Hapa tunaeleza namna ya kuzisoma, tukitumia picha moja ya mwaka 1843 ambayo mchapishaji wake aliingiwa na hofu hadi mbao zake zikaharibiwa.

Zilitengenezwaje?

Picha moja ilipitia mikono ya watu wanne: mchapishaji mwenye mtaji, mchoraji, mchongaji na mpiga chapa. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga na kuacha mistari tu ikiwa imeinuka. Kwa kawaida kila rangi ilichongewa ubao wake. Mpiga chapa alipaka rangi kwenye ubao, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono, kisha akahamia ubao unaofuata.

Ndiyo maana mstari ni kama mifupa ya picha hizi. Hazitegemei vivuli kuonyesha mwili. Mstari ukinenepa, tunahisi uzito wa bega au mkunjo wa nguo. Ukiwa mwembamba, kitu kinaonekana chepesi au kiko mbali.

Picha ya 1843

Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji na za wanawake wa nyumba za starehe, ikisema inapambana na anasa. Wachoraji wakazidi kuegemea mashujaa wa zamani.

Mwaka uliofuata, Utagawa Kuniyoshi alimchora Minamoto no Yorimitsu, mpiganaji aliyeishi karne nyingi kabla yake. Picha ina karatasi tatu zinazopangwa sambamba. Upande wa kulia Yorimitsu mgonjwa amelala, na nyuma yake yuko buibui mkubwa. Walinzi wake wanne wamewekwa mbele, kwa mistari mizito na rangi kali. Wawili kati yao wanacheza go, mchezo wa kete. Juu, nyuma yao, linakuja jeshi la mazimwi, lililochorwa kwa mistari myembamba na rangi ya kijivu hafifu.

Jicho huanza kwa walinzi, kisha hupanda juu na kushtuka: hatari imejaa, na mkubwa amelala.

Watu wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, walielewa haraka. Walisema aliyelala ni shoguni, mtawala wa kijeshi wa wakati huo, na mazimwi ni wananchi walioumizwa na amri zake. Picha yenyewe haikuandikwa hivyo popote. Mpangilio ndio uliosema. Mchapishaji aliiondoa sokoni, na michoro kwenye mbao ikafutwa.

Ukikutana na picha kama hizi

Jiulize mambo matatu. Mstari mnene kuliko yote uko wapi? Rangi kali amepewa nani? Na nani amefanywa hafifu, kana kwamba hayupo? Katika picha ya Kuniyoshi, hao waliofifishwa ndio waliobeba habari yenyewe.