Cool Edit Pro na Mwisho wa Wembe

Kabla kompyuta hazijaingia studio za redio Dar es Salaam, kuediti kipindi ilikuwa kazi ya wembe. Fundi anazungusha utepe polepole kwa mkono, sikio likisaka mwanzo wa neno. Akilipata, anatia alama ya penseli ya nta, anakata kwa mshazari, anaunganisha. Kikohozi cha mgeni kinaishia sakafuni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mafundi hodari wa kazi hiyo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango, vituo binafsi vilivyofuata havikuwa na mashine zile, wala subira ya kulea mafundi wa namna ile. Vilikuwa na kompyuta za Windows, na kwenye nyingi nilizozihudumia mimi, Cool Edit Pro.

Programu hii ilitoka Arizona, Marekani, kwa kampuni ndogo ya Syntrillium ya Robert Ellison na David Johnston, ambao wote walikuwa wamefanya kazi Microsoft. Toleo lililoitangulia Pro, Cool Edit 96, lilikuwa na sharti ambalo hadi leo nalisifu: kama hujalipia, kila unapoifungua unachagua makundi mawili tu ya kazi. Umechukua kuhifadhi na kusafisha kelele? Mwangwi usahau mpaka uifunge na kuifungua upya. Kijana aliyejifunzia hapo alilazimika kujua anataka nini kabla ya kugusa sauti.

Cool Edit Pro ya 1997 ilileta traki 64, na toleo la pili la 2002 likafikisha 128. Sikuwahi kuona tangazo la biashara lililohitaji hata robo yake. Jambo kubwa lilikuwa jingine: ilikubali kadi ya sauti yoyote iliyokuja na kompyuta, wakati Pro Tools kamili ya enzi ile ilidai vifaa maalumu vya Digidesign. Ndiyo maana ilifika kwenye vyumba vya uani Temeke na Kinondoni, magodoro yameegemezwa ukutani, chipukizi wa Bongo Fleva wamejipanga mlangoni wakisubiri zamu. Ilifika kwa CD za kunakili, na lazima tuseme ukweli, Johnston na mwenzake hawakupata senti kutoka vyumba vile.

Lakini kilichowafanya watangazaji waipende ni usafishaji wa kelele. Unachagua sehemu ambayo hakuna anayesema, pale ambapo feni na jenereta tu ndivyo vinavyosikika. Programu inapima kelele ile, inaitambua mvumo kwa mvumo, kisha inaipunguza katika rekodi nzima. Mahojiano yaliyofanyiwa stendi ya Ubungo yakaweza kurushwa. Ukizidisha, sauti ya mtu inageuka ya majimaji, yenye vilio vyembamba nyuma yake, na vituo vingi vilizidisha. Mimi niliwafundisha wanafunzi wangu kubakiza kelele kidogo. Stendi isiyo na makondakta wanaoita abiria si stendi.

Kitu kingine kilibadilika kimyakimya: tulianza kuediti kwa macho. Mawimbi ya kijani juu ya weusi yalionyesha neno linapoanzia, na pumzi za msemaji zikakatwa kwa sababu tu zilionekana. Fundi wa wembe asingekata pumzi, maana alijua msikilizaji anapumua pamoja na anayesema.

Adobe iliinunua Cool Edit Pro mwaka 2003 kwa dola milioni 16.5 na kuiita Audition. Mwaka 2011 ikaandikwa upya, na hapo ndipo hasara yetu ilipo. Audition mpya haifungui moja kwa moja sesheni za zamani za .ses, yaani mafaili yanayohifadhi mpangilio wa traki. Utepe wa 1975 bado unachezeka kwenye mashine ya utepe iliyo nzima. Tamthilia ya redio ya 2002, ikiwa imebaki kama sesheni tu, inaitegemea programu iliyokwisha kufa. Kila kituo chenye kompyuta kuukuu stoo kiiwashe mwaka huu, kifungue sesheni moja moja, kichanganye traki zake na kuzihifadhi kama WAV, na majina ya waliosema yaandikwe palepale. Waliozirekodi bado wapo wa kuwauliza.