Ngoma, Maziko na Mahudhurio katika Nyanda za Juu Kusini

Akitajiwa Iringa au Mbeya, mtu wa pwani aghalabu hufikiri baridi, mahindi, viazi na majani ya chai. Ni wachache wakumbukao kwamba njia waliyopanda wazee wetu na misafara yao, kisha wakapanda wengine wakiwa askari, makarani na wapagazi, ilichukua na mambo ya starehe na ya jamaa: kanzu, lugha, maulidi, na ngoma pia. Na huko juu walikuta watu wenye desturi zao za kukusanyika, nyingine nzito kuliko zetu. Katika makala haya tutaangalia jambo moja tu: watu wale walipokusanyika, nani alikuwa akihudhuria, na alihudhuria akiwa nani? Mtazamaji, au mshirika?

Maneno haya mawili asili yake ni Kiarabu, na tofauti yake si ndogo. Kuhudhuria ni kuwapo mbele ya jambo. Kushiriki ni kuwa na fungu ndani yake, kama washirika wa biashara: mwenye fungu katika faida ana fungu katika hasara. Mtu aweza kuhudhuria arusi mia asishiriki hata moja.

Tuanze na Unyakyusa, katika milima ya Rungwe na bonde la Kyela hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walikaa huko Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa elimu ya jamii za watu, wakaandika kwa urefu habari za maziko. Wanasimulia kwamba mtu akifa kijiji kizima kilifika, na ndugu na wakwe wakatoka mbali. Wanawake walilia karibu na maiti. Wanaume walicheza. Kulikuwa na ngoma, aghalabu tatu, na vijana wenye njuga miguuni na mikuki mikononi wakirukaruka, kila mmoja peke yake, kama apiganaye vitani na adui asiyeonekana. Wanawake wengine walipita katikati yao, mmoja mmoja au wawili wawili, wakipiga ukelele wa vita. Ng'ombe walichinjwa, nyama ikagawiwa, na mambo hayo yalichukua siku kadhaa. Mwanzo wa mchezo ulikuwa msiba mtupu. Kadiri siku zilivyokwenda huzuni ililegea, vijana wakaanza kutazamana na wasichana, na mara nyingine ugomvi ukazuka na mikuki ikafanya kazi isiyokusudiwa.

Msomaji atastaajabu: maziko na ngoma? Kwetu sheria haina nafasi ya jambo hilo, wala sikusudii kulitetea. Bali tazama mahudhurio yenyewe. Pale hapakuwa na mtu aliyekwenda kutazama. Aliyekwenda alikwenda kulia, au kucheza, au kuchimba kaburi, au kuleta ng'ombe. Na aliyebaki nyumbani bila udhuru hakuhesabiwa kuwa mvivu tu. Kutokufika kwake kulichukuliwa kuwa ni alama ya uadui. Sisi nasi tunajua kwamba kufuata janaza ni katika haki za Muislamu juu ya mwenziwe. Lakini ni mara ngapi kwetu pwani watu wamejaa barazani siku ya tatu kwa ajili ya pilau, ambao siku ya jeneza hawakuonekana? Mtume (s.a.w.) aliamrisha jamaa za Jaafar wapikiwe chakula katika msiba wao. Sisi tukaligeuza jambo, mfiwa ndiye apike, hata yatima wakaanza maisha na deni la mchele. Kwa hiyo tusiharakishe kuwacheka wenye njuga.

Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kwa waumini wao walipiga marufuku kucheza makaburini. Wakristo wakaimba nyimbo za dini badala yake. Ngoma ilitoka mahali pengi. Wajibu wa kufika haukutoka.

Iringa ilikuwa na njia nyingine. Jina lenyewe, lilinga, kwa Kihehe ni ngome, na ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, ikapata kutembelewa na wafanyabiashara wa pwani. Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti 1891, na kamanda wake Zelewski akauawa. Oktoba 1894 Kalenga ikaangushwa, na mwaka 1896 Tom Prince akaanzisha mji mpya wa Iringa kuwa kituo cha askari. Neno hili la kituo cha askari ndilo litufaalo. Palipokaa askari palikaa na wake zao, mafundi cherehani, wachuuzi, walimu wa chuo. Palisemwa Kiswahili, na jioni palipigwa ngoma.

Na ngoma iliyowapendeza askari kuliko zote ni beni. Hii, wasomaji wa Lamu na Mombasa wajue, ni mali yetu. Ilizaliwa katika miji hiyo miaka ya 1890, vijana walipoona bendi za jeshi na za manowari za Wazungu wakaziiga: tarumbeta, ngoma kubwa, sare, kwenda kwa safu. Katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani ikagawanyika mikono miwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, waungwana wa pwani, wasafi wa mavazi. Arinoti walikuwa aghalabu watu wa bara na wafanya kazi za mikono, ambao waungwana waliwadharau. Kila mkono ulikuwa na wakubwa wake wenye vyeo vya kijeshi: wafalme, majemadari, makapteni. Yule aliyekuwa mchana akibeba magunia, jioni alipigiwa saluti.

Vita vya 1914 hadi 1918 vikaichukua ngoma hii mahali ambapo haingefika kwa miguu yake. Pande zote mbili za vita zilikuwa na askari wa beni. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasa na Rhodesia, likaitwaa Tukuyu, iliyoitwa wakati ule Neu Langenburg, mwezi wa Mei, na Iringa mwishoni mwa Agosti. Nyuma ya majeshi walitembea wapagazi mamia ya maelfu, wengi wao kwa kulazimishwa, na wengi hawakurudi. Walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Waliorudi walirudi na mambo mawili: Kiswahili na beni. Katika vijiji vya pembezoni mwa Ziwa Nyasa ikatokea ngoma ya mganda, ambayo upande wa Malawi huitwa malipenga. Tarumbeta hazikuwapo, basi wakatengeneza za vibuyu, wakavaa kaptura nyeupe na soksi zilizonyoshwa, wakawa na mfalme wao na daktari wao, na mwenye nguo chafu hakuruhusiwa kuingia katika safu.

Hapa wengi huishia kucheka: Waafrika wakicheza Uzungu! Mimi naona kicheko hicho ni cha haraka. Mpagazi aliyeona wenzake wakitupwa kando ya njia bila kuzikwa, ambaye jina lake katika daftari la jeshi lilikuwa namba, alirudi kijijini akaanzisha safu ambayo kila mtu ana cheo na kila mtu hutajwa kwa jina. Huo si uigaji mtupu. Tena nyuma ya tarumbeta palikuwa na shirika la kweli. Wanachama walitoa michango. Mgeni aliyefika mji asioujua, akiwa Marini, alikwenda kwa Marini wa mji ule akapokewa, akalishwa, akiugua aliuguzwa, akifa walimzika. Matawi yaliandikiana barua toka mji hata mji. Waingereza walipoziona barua hizo baada ya vita wakaingiwa na hofu, wakidhani pana njama ya siasa, wakafanya uchunguzi.

Kwa mtu wa mji mpya hilo halikuwa jambo dogo. Mbeya, kwa mfano, ni mji uliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipovuta watu kutoka Nyasa, Rhodesia na pande zote za Tanganyika. Huko Unyakyusa mtu alizikwa na kijiji chake. Mchimbaji wa Chunya atazikwa na nani? Yule wa kwanza alizaliwa ndani ya wajibu. Wa pili alipaswa kujiandikisha. Hii ndiyo elimu ambayo ngoma za mashindano ziliwaletea watu wa bara: kwamba watu wasio na nasaba moja waweza kufanya jamaa kwa hiari, kwa daftari na kwa mchango.

Ila tuseme na ubaya wake. Mashindano yalizaa fakhari, na fakhari ikazaa israfu. Mkono mmoja ukichinja mbuzi, wa pili sharti ng'ombe. Watu waliweka nguo rehani. Wanawake nao katika lelemama za pwani walishindana kwa nguo na karamu mpaka nyumba zikaingia deni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliokemea israfu za namna hiyo, na haki ilikuwa upande wake. Hata hivyo baadhi ya wakemeaji hawakuchukizwa na deni. Kilichowachukiza ni kuona mtoto wa mtumwa amevaa viatu. Makosa haya mawili yasichanganywe.

Habib Saleh wa Lamu aliijua tofauti hiyo mapema. Alipowafundisha wanyonge na watu wa asili ya utumwa, na maulidi yakasomwa kwa matwari pale Riyadha, walikuwapo wakubwa wa mji walionung'unika: matwari msikitini! Habib hakuwafukuza wapigaji. Waliokuwa wakisimama nje ya madhehebu ya mji wakapata mahali pa kukaa ndani, na mahali pa kutia sauti yao. Kutoka Lamu na Unguja mpaka misikiti midogo ya Iringa na Mbeya, ambako Waislamu ni wachache baina ya Wakristo wengi, maulidi yamebaki kuwa mkusanyiko ambao asiyejua kusoma huitikia, na asiyeitikia hugawa kahawa.

Sasa tuje kwenye mahudhurio ya namna nyingine, ya serikali. Tarehe 19 Juni 1954 gavana Edward Twining alikwenda Kalenga kuwarudishia Wahehe fuvu la kichwa cha Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai. Mkataba wa Versailles ulikuwa umetaja jambo hilo tangu 1919, lakini ni mwaka 1953 ndipo Twining alipokwenda mwenyewe kulichagua katika makumbusho ya Bremen, baina ya mafuvu mengi mno. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge, alilipokea mbele ya umati mkubwa. Hapo watu walihudhuria kwa maelfu. Waliohutubu walikuwa wachache. Na bado sidhani kwamba mtu wa Uhehe aliyesimama jua lile alijiona mtazamaji. Yalikuwa maziko yaliyochelewa miaka 56, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kazi yake ni nini.

Baada ya uhuru, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba vijana walijua rumba na twist wala hawakujua Gombe Sugu, Mangala na Lelemama. Nia ilikuwa njema na ilihitajiwa. Lakini ngoma ilipohamishwa kutoka uwanja wa kijiji kwenda uwanja wa mpira, ikapewa dakika kumi mbele ya mgeni rasmi, kitu kilikatika. Wachezaji wakawa kikundi, wengine wote wakawa wananchi waliojitokeza. Kamba ikafungwa katikati. Mang'oma ya Wanyakyusa, ambayo kwao wanaume walijipanga kwa adabu na mavazi yao mazuri na kijiji kikawa ndani yake, ikawa kitu cha kupigiwa makofi. Siku hizi Tukuyu pana tamasha kubwa la ngoma za jadi, vikundi vikija kutoka mikoa mingi kushindania zawadi, na watu hujaa. Nalifurahia, ngoma nyingi zingekwisha kusahauliwa bila ya hayo. Lakini aliyejaa pale hakutoa mchango, na akikosa kufika mwakani hakuna atakayemuuliza.

Ushirika wenyewe ukahamia kwingine. Kwa Wakristo wa Iringa na Mbeya umo katika kwaya: kila usharika una yake, sare zashonwa kwa mchango, na mwimbaji akifiwa kwaya nzima hulala matangani kwake. Kwa Waislamu umo katika maulidi na madrasa. Na kwa wote pamoja, mitaani, umo katika vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo msomaji wa Tanga au Malindi atavitambua mara moja, kwa kuwa anavyo mtaani kwake. Vyeo vya kapteni na mfalme vimetoweka, wamebaki mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tarumbeta hamna. Limebaki daftari lenye majina, mchango wa kila mwezi, na faini kwa asiyefika makaburini bila udhuru. Na katika mitaa ya Mbeya daftari moja huwa na Mnyakyusa, Msafwa, Mkinga, Mndali, na Mzaramo fulani ambaye babu yake alipanda huko na kazi ya serikali asirudi tena pwani.