Mtangazaji wa Mpira na Suala la Jinsia

Katika Kiswahili, nomino "mtangazaji" haibainishi jinsi ya mtajwa, na kiambishi cha nafsi ya tatu, a-, humhusu mwanamume na mwanamke sawia. Hata hivyo, neno hilo moja linabeba kazi mbili zenye historia tofauti: kusoma taarifa ya habari na kutangaza mpira. Msomaji wa habari ana andiko mbele yake. Mtangazaji wa mpira hutunga papo hapo, na msikilizaji wa redio hana budi kuyaamini macho ya mwenzake. Mamlaka hayo ya kuona kwa niaba ya umma ndiyo ambayo wanawake walicheleweshewa.

Mfano wa Uingereza unadhihirisha jambo hilo. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilitangaza redioni mechi ya Arsenal na Sheffield United, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kutangaza soka moja kwa moja. Ilipita miaka 80 kabla ya Jacqui Oatley kutangaza pambano la Fulham na Blackburn Rovers katika kipindi cha televisheni cha Match of the Day, tarehe 21 Aprili 2007. Oatley hakuwa mwanagenzi, kwani alikwisha kutangaza mpira redioni. Hata hivyo, kocha wa zamani, Dave Bassett, alimpinga hadharani kabla ya mechi kuchezwa. Kwa mantiki hiyo, kilichopingwa hakikuwa ubora wa kazi yake katika kipindi hicho, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa bado haijasikika.

Aidha, kuingia mara moja si kukubaliwa. Huko Marekani, Gayle Sierens, msomaji wa habari wa Florida, alitangaza mchezo wa ligi ya NFL baina ya Seattle Seahawks na Kansas City Chiefs tarehe 27 Desemba 1987. Hakupata kutangaza mwingine; alibaki katika usomaji wa habari. Mwanamke aliyemfuatia katika ligi hiyo, Beth Mowins, alisikika mwaka 2017, takriban miaka 30 baadaye.

Nchini Tanzania, Halima Mchuka wa Redio Tanzania Dar es Salaam anakumbukwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kutangaza mpira kwa Kiswahili. Sarufi haikumwekea kizuizi: "anapiga" na "anaokoa" hazibadiliki kwa jinsi ya msemaji wala ya mchezaji. Kizuizi kilikuwa katika jamii, nacho kimeacha alama katika matumizi ya lugha. Husemwa "mtangazaji wa kike", ilhali "mtangazaji wa kiume" ni nadra kusikika.

Hivyo basi, uchunguzi wa sajili ya utangazaji wa mpira unaotegemea sauti za wanaume pekee utakuwa na upungufu. Kanda za watangazaji wanawake zinastahili kutafutwa, kuhifadhiwa na kunukuliwa kimaandishi, ili mchango wao katika lugha upimwe kwa maneno waliyoyasema, badala ya kutajwa tu kuwa walikuwa wa kwanza.