Wiki za Mwisho Ughaibuni: Wanafunzi wa Burundi Nchini Ubelgiji na Njia ya Kurudi Gitega

Vitabu vinavyosimulia historia ya elimu ya juu nchini Burundi vimezoea kutaja nani alikwenda Ulaya, mwaka gani, na alirudi na shahada gani. Hesabu hiyo ina faida yake, lakini huruka kipindi ambacho mara nyingi ndicho kilichoamua mambo, yaani zile wiki za mwisho ambamo mwanafunzi alimaliza mitihani, akangoja matokeo, akapanga mizigo yake, na akalazimika kuamua arudi lini na kwa kazi gani. Kwa nchi ndogo iliyopeleka vijana wachache sana ng'ambo, uamuzi wa mmoja wao ulikuwa na uzito ambao usingekuwapo katika nchi yenye wasomi wengi.

Uchache huo unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutoka sehemu kama Itaba, eneo la mashamba ya migomba, maharage na kahawa ambalo kwa miongo mingi lilihesabiwa kuwa tarafa ya mkoa wa Gitega. Mji wa Gitega, ambao Wajerumani waliufanya makao yao ya utawala wa Urundi, yaani Burundi ya leo, mwaka 1912, ulikuwa jirani, na misheni ya Mugera, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1899, ilikuwa imekwisha kuleta shule katika milima ya kati. Hata hivyo ngazi ya elimu ilikuwa nyembamba: baada ya shule ya misheni, mtoto wa mkulima aliweza kutumaini seminari ndogo, na wachache mno, hasa wana wa machifu, walichukuliwa na Groupe Scolaire ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye nchini Rwanda, ambako mabruda kutoka Ghent waliwaandaa wasaidizi wa utawala, wa tiba na wa mifugo. Juu ya hapo hapakuwa na chuo kikuu. Lovanium, karibu na Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo cha serikali cha Elisabethville mwaka 1956, vyote viwili katika Kongo, si Urundi. Kwa hiyo, hadi katikati ya miaka ya 1950, kusoma chuo kikuu kwa Mrundi kulimaanisha kuvuka bahari, na aliyevuka alikuwa ama mtu wa Kanisa ama mtu wa ikulu.

Mtu wa ikulu anayejulikana kuliko wote ni Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa IV, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932. Baada ya Astrida alipelekwa Antwerp, katika taasisi iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1920 ili kuwafundisha maofisa wa Kibelgiji watakaotawala makoloni, na ambayo mwaka 1949 ilibadilishwa jina na kuitwa Taasisi ya Chuo Kikuu ya Maeneo ya Ng'ambo. Kuna kinaya hapa kisichopaswa kupuuzwa: mwana wa mtawaliwa aliketi katika darasa la watakaomtawala, akasikia jinsi nchi yake inavyoelezwa pale mwenyewe anapodhaniwa hayupo.

Utaratibu wa wiki za mwisho katika vyuo vya Ubelgiji ulikuwa na sura yake ya pekee. Masomo yalipokoma, ulifuata muda unaoitwa bloku, ambamo hapakuwa na mihadhara tena na kila mwanafunzi alijifungia na madaftari yake. Kisha ikaja mitihani, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa kwa mdomo. Mwanafunzi aliingia chumbani, akapewa swali, akaachiwa dakika chache za kujiandaa, halafu akaketi uso kwa uso na profesa aliyemhoji na kumpa alama. Kwa kijana aliyelelewa katika desturi ya Kirundi, ambamo mdogo hamkatizi mkubwa wala hampingi waziwazi, mtihani wa namna hii ulidai zaidi ya ujuzi wa somo, kwa sababu profesa aliyenyamaza alikuwa akingoja abishiwe, ilhali mwanafunzi alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa akinyamaza, mdogo naye hunyamaza.

Baada ya mitihani walimu walikutana katika deliberasheni, yaani kikao cha kujadili alama za kila mtahiniwa na kutoa uamuzi mmoja kwa masomo yake yote, na matokeo yakatangazwa hadharani kwa madaraja: aliyeridhisha, aliyefanya vizuri na kupata distinksyo, aliyepata distinksyo kubwa, na, mara chache, aliyepata ile kubwa kabisa. Aliyeshindwa hakufukuzwa siku hiyo, bali alipewa awamu ya pili mwishoni mwa kiangazi, akabaki mjini wakati wenzake wa Kibelgiji wamekwenda kwao likizoni. Kiangazi hicho kilikuwa kigumu hasa kwa anayeishi kwa ruzuku ya serikali, kwa kuwa aliyekuwa akimlipia ndiye pia aliyengoja kujua kama fedha zake zimezaa matunda.

Mizigo nayo ilikuwa na historia yake. Vitabu na makasha mazito yalisafiri kwa meli, na njia mojawapo iliyotumika kwa shehena ya Ruanda-Urundi ilipita Dar es Salaam, ambako Wabelgiji, kwa mkataba waliouweka na Waingereza mwaka 1921, walikuwa na gati lao lililoitwa Belbase. Kutoka hapo shehena ilipanda reli ya kati hadi Kigoma, palipokuwa na gati jingine la aina hiyo, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Bidhaa ya Antwerp ilifika Gitega ikiwa imepitia mikononi mwa wapagazi, makarani na mabaharia wanaosema Kiswahili, jambo ambalo wanahistoria wa Burundi, wakitazama zaidi Brussels, hawajalipa uzito unaostahili.

Rwagasore mwenyewe alirejea mwaka 1956 bila shahada ya chuo kikuu. Watawala walikuwa tayari kuliona hilo kama kushindwa, na kwa kipimo cha deliberasheni hawakukosea, lakini kipimo hicho hakikupima kitu kilichokuja kuwa na maana. Mwaka 1957 aliunda ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, akapata wafuasi miongoni mwa Waswahili wa Bujumbura, akawa kiongozi wa chama cha UPRONA, ambacho katika uchaguzi wa 18 Septemba 1961 kilipata viti 58 kati ya 64. Siku ya 13 Oktoba mwaka huo, akiwa waziri mkuu, aliuawa kwa risasi kando ya ziwa mjini Usumbura.

Waliomfuata walirudi kwa namna nyingine. Michel Micombero, mzaliwa wa Rutovu, kusini mwa Burundi, alipelekwa Brussels kwa mafunzo ya kijeshi mwaka 1960, akarudi mwaka wa uhuru, 1962, akiwa afisa kijana. Charles Ndizeye, mwana mwingine wa Mwambutsa, alikuwa kijana aliyesomeshwa Uswisi wakati baba yake, aliyekimbilia Ulaya baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, alipompa madaraka ya kifalme mwezi Machi 1966. Tarehe 8 Julai alimwondoa baba yake, na tarehe 1 Septemba akavikwa taji kwa jina la Ntare V, akiwa hajatimiza miaka 19. Tarehe 28 Novemba Micombero, waziri mkuu wake, akampindua wakati yuko ziarani Kinshasa. Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, marais waliofuata, nao pia walitoka Rutovu na walisoma Ubelgiji. Ni vigumu kuyaona haya yote kuwa bahati tupu: penye wasomi wachache, cheo humngojea anayerudi kabla hajashuka kwenye ndege.

Mwaka 1972 ulibadilisha maana ya kurudi. Ntare V, aliyekuwa amerudi nchini, aliuawa Gitega tarehe 29 Aprili, siku ile ile uasi wa Wahutu ulipozuka kusini, na katika miezi iliyofuata jeshi na vijana wa chama waliwasaka Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, mapadri, wanafunzi wa sekondari na wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Makadirio mengi yanazidi watu 100,000. Padri Michel Kayoya, mwandishi aliyekuwa amekaa Ulaya kwa masomo na kitabu chake kimoja kikaitwa kwa Kifaransa *Entre deux mondes*, yaani kati ya dunia mbili, aliuawa Gitega mwezi Mei. Mwezi Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yamefukuliwa Karusi, karibu na mto Ruvubu. Kwa wanafunzi Wahutu waliokuwa Ubelgiji, wiki za mwisho za masomo hazikuwa tena za kufunga masanduku. Wengi walibaki Ulaya, na jamaa zao waliosalimika wakawa Rwanda au katika makazi ya Ulyankulu na Katumba nchini Tanzania.

Kilichorudi bila kipingamizi ni utaratibu wenyewe. Chuo Kikuu kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1964 kilirithi deliberasheni, madaraja ya distinksyo na awamu ya pili, na vizazi vya Warundi ambao hawajawahi kuiona Antwerp vilingoja matokeo kwa kanuni zilizotungwa huko. Siku hizi, chini ya mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, mwanafunzi wa Kiafrika anaweza kwenda kwa muhula mmoja tu na kurejea na karatasi ya alama zinazohesabiwa katika shahada ya nyumbani. Muhula kamili una krediti 30, yaani vipimo vya kazi ya masomo. Safari imefupishwa na cheo hakimngojei tena arudiye.

Kumbukumbu za serikali ya kikoloni ziko Brussels na zinasomeka. Zinazokosekana ni barua ambazo wanafunzi wenyewe waliandika nyumbani katika wiki hizo, na ambazo huenda bado zimo katika masanduku ya familia za Gitega, Itaba na Muyinga. Jumba la Makumbusho ya Taifa limekuwapo Gitega tangu mwaka 1955, na kila aliye na barua ya namna hiyo ana sababu ya kuifikisha huko kabla mchwa hawajaimaliza.